Kuwafunza Vijana Wetu Kuhudumia Watu kwa Simu na Mtandao

(Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Wahenga walinena kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Wako wanachama wautajao msemo huu kila tuombapo fedha za kuwafunza wanafunzi wa uuguzi na wa ustawi wa jamii kuhudumia watu kwa simu na mtandao. Twauheshimu msemo huo, lakini twaomba tusikilizwe.

Tangu ugonjwa wa korona uingie nchini Machi 2020, wengi wamezoea kutafuta shauri la afya kwa simu. Watoto walio taabuni hupiga nambari 116 bila malipo. Sheria ya Afya ya Kidijitali ya mwaka 2023 nayo imeitambua huduma ya mbali. Basi mashauri yatolewa tayari. Swali ni kama ayatoaye amefunzwa.

Muuguzi aliye kando ya kitanda huona jasho, husikia pumzi, hushika mkono. Kwenye simu hana ila sauti, na pengine picha. Tena katika nyumba zetu nyingi simu moja hutumiwa na wengi. Mwanamke aliyepigwa hawezi kusema lolote ikiwa aliyempiga ameketi karibu naye. Kwa hiyo mwanafunzi yampasa kuuliza kwanza, "Uko peke yako?" Ikiwa siyo, amwulize maswali ya kujibiwa ndiyo au la. Amwulize yuko wapi, ili msaada ujue pa kwenda. Tena wapatane nani atapiga mawasiliano yakikatika, maana simu ikilia wakati mbaya yaweza kumtia hatarini. Mtu akinyamaza, asiharakishe kuujaza ukimya, huenda analia.

Juu ya yote, ajue mpaka wa kazi yake. Mama mjamzito atokwaye na damu hahitaji maneno mengi, bali gari la kumfikisha hospitali upesi. Hapo wahenga walisema kweli.

Mambo haya hayapatikani kwa kusoma tu. Wanafunzi wafanye mazoezi wawili wawili, kila mmoja chumbani mwake, mmoja akijifanya mwenye shida na mwalimu akisikiliza, kabla ya kukabidhiwa mwenye shida wa kweli.

Twaomba kila tawi lichangie vyumba viwili vyenye milango ifungikayo, simu mbili, na ujira wa mwalimu. Anayepiga simu usiku hatuoni, wala hachagui nani ataijibu. Haki yake ni kumkuta aliyefunzwa.