Nimonia: Pumzi ya Mtoto Inavyosomwa Nyumbani

Katika kaya nyingi za Tanzania, mtoto akianza kukohoa hulaumiwa baridi: ameogeshwa jioni, au kifua kiliachwa wazi. Kwa hiyo huvalishwa masweta mawili na kupakwa mafuta ya kuchua. Mzazi anayefanya hivyo anamjali mtoto wake, lakini nimonia husababishwa na bakteria au virusi vinavyoshambulia mapafu, na nguo nzito huficha kifua, mahali penyewe pa kutazama.

Homa ndiyo huwashtua walezi wengi. Pumzi ya haraka hupita bila kutambuliwa, hudhaniwa ni mafua tu. Mtoto apandishwe nguo akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, na pumzi zihesabiwe kwa dakika nzima. Kwa aliye chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni za haraka mno. Miezi 2 hadi 11, ni 50. Mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5, ni 40. Mtoto wa namna hiyo apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Kifua kikibonyea chini ya mbavu kila avutapo hewa, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea, hakuna kusubiri kupambazuke.

Kituoni mtoto akiandikiwa amoksilini ya vidonge vinavyoyeyuka kutibu nimonia, dozi humalizwa hata kikohozi kikitulia. Ili kuzuia nimonia, chanjo ya nyumokoka, mojawapo ya bakteria wanaoisababisha, hutolewa wiki ya 6, 10 na 14. Moshi wa kuni nao hudhuru mapafu, hasa mtoto anapobebwa mgongoni jikoni.