Vijiji vishindane kumlinda kasa



Mwezi Machi 2024, katika Kisiwa Panza, Pemba, watoto 8 na mama mmoja walifariki dunia baada ya kula nyama ya kasa, na watu wengine 78 walilazwa hospitalini. Kabla ya hapo, Novemba 2021, watu 7 walikuwa wamekufa kisiwani Pemba kwa sababu iyo hiyo. Nyama ya kasa haina sumu kila siku, na hapo ndipo penye hatari. Mzee aliyeila tangu utotoni bila kudhurika humwona daktari anayeonya kuwa ni mtu asiyeijua bahari. Wala moto wa jikoni hauiondoi sumu hiyo.

Sheria inakataza kumvua kasa, kumchinja na kuchukua mayai yake, Bara na Visiwani. Lakini ufuo ni mrefu na askari ni wachache; kasa naye hupanda pwani usiku, mahali pasipo taa wala watu. Hapana budi basi mlinzi wa kwanza awe mwanakijiji mwenyewe. Swali ni namna gani mtu aliyerudi kutoka baharini na ngalawa tupu atashawishika kuyaacha mayai mia na zaidi yaliyo chini ya mchanga, hatua chache kutoka mlangoni kwake.

Yafaa kwanza ikumbukwe habari ya Maziwe. Kisiwa hicho kidogo, mbele ya Pangani, kilikuwa miongoni mwa mazalio makubwa ya kasa katika pwani nzima ya Afrika Mashariki. Kilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975. Tangazo halikukiokoa: miti ya mivinje ilikwisha, mchanga ukakosa wa kuushika, mawimbi yakaula, na ilipofika miaka ya mwanzo ya 1980 palipokuwa kisiwa palibaki fungu la mchanga linalofunikwa maji yajaapo. Kasa wangali wanarudi pale. Mayai wanayotaga huzama, ila yale yanayowahiwa na wananchi, ambao huyafukua na kuyavusha kwa chombo hadi ufuo wa Ushongo, wakayafukia upya juu ya mstari wa maji. Kazi hiyo inafanywa na watu wa Pangani wenyewe.

Huko Mafia, tangu mwaka 2001, shirika lijulikanalo sasa kama Sea Sense lilianza utaratibu mwingine, ambao baadaye ulifika wilaya nyingine za pwani. Mwanakijiji akiona kiota na kutoa taarifa, hupewa malipo kidogo. Mayai yakianguliwa salama, huongezewa. Utaratibu huo ulivigeuza viota vilivyokuwa kitoweo kuwa kitu cha kulindwa. Kule Watamu nchini Kenya, tangu 1998, wavuvi wanaomkuta kasa wavuni hupiga simu badala ya kumchinja, nao hulipwa fidia ndogo; kasa maelfu wamerudishwa baharini kwa njia hiyo.

Fedha, hata hivyo, ina kasoro yake. Nyingi hutoka kwa wafadhili, na mfadhili ana siku yake ya kuondoka. Hapo ndipo linapoingia shauri la mashindano. Watu wa pwani hawana haja ya kufundishwa kushindana. Kabla ya kuja mpira, walishindana kwa ngalawa na kwa ngoma. Beni ilipoenea kutoka Lamu na Mombasa hadi Tanga na Dar es Salaam, Marini na Arinoti walitambiana kwa sare, kwa vyeo vya kujipachika na kwa karamu, hata wengine wakaingia madeni. Mtu aliyekuwa tayari kukopa ili chama chake kisiaibike mbele ya wenzao hashindwi kuamka usiku mmoja kwa wiki kuutembelea ufuo kwa sababu hiyo hiyo. Ushindani wenye utani ndani yake humfikisha mtu asikofikishwa na barua ya wilaya.

Lakini mashindano yaliyopangwa vibaya ni afadhali yasiwepo. Wakihesabiwa viota, kijiji chenye ufuo mrefu na mchanga laini kitashinda bila jasho, na chenye mawe kitakata tamaa mwaka wa kwanza. Zaidi ya hayo, hesabu kubwa ni kishawishi cha uongo: si vigumu kuuburuza ubao mchangani ukaacha mfano wa ile alama ya kasa, inayofanana na ya tairi la trekta. Kipimo cha haki ni sehemu: katika kila viota 10 vilivyoonekana, ni vingapi vilivyofikia kuanguliwa bila kuguswa na mtu? Na ili viota vilivyoibwa visifichwe, waamuzi watoke kijiji cha upande wa pili. Watu wa Ushongo wakahesabu kwa wenzao, na wenzao wakahesabu Ushongo. Mgeni anayekesha na wenyeji ufuoni mwezi mzima hujifunza mengi kuliko ajaye na gari kukabidhi kikombe na kupigwa picha. (Vikombe vya namna hiyo viko vingi, vimejaa vumbi maofisini.) Wavuvi nao wahesabiwe alama kwa kila kasa wanayemtoa mzima katika jarife, kwa kuwa wavu huo huua wasioonekana na mtu yeyote.

Mwezi Oktoba 2025, Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili ulimwondoa kasa wa kawaida katika orodha ya viumbe walio hatarini, kwa kuwa hesabu yake duniani imeongezeka. Ni habari njema, na ni matunda ya jitihada za miongo mingi. Lakini wastani wa dunia hausemi lolote kuhusu ufuo mmoja, na ng'amba, ambaye gamba lake liliuzwa kutoka pwani hii tangu enzi za Rhapta, angali katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Mwalimu ana nafasi yake hapa kuliko wengi. Kasa huchukua miaka 20 hata 40 kabla ya kutaga. Mtoto wa darasa la kwanza anayemwona kifaranga akikimbilia maji leo atakuwa mzazi, labda babu, siku kifaranga huyo atakaporudi kuchimba mchanga. Hesabu za viota zikiandikwa kwenye ubao nje ya shule, kwa mkono wa wanafunzi, kila mzazi apitaye ataona kijiji chake kiko wapi, na aliyekula mayai jana atapita upande wa pili wa njia. Kijiji kitakachoshindwa kiwapikie washindi pilau, ya mbuzi au ya samaki.

Kisiwani Juani, Mafia, viota vingi huanguliwa kati ya Juni na Septemba, na mayai hayo hutagwa takriban miezi miwili kabla, masika ikiwa imepamba moto na barabara za pwani hazipitiki. Vikao vya kupanga waamuzi na zamu havina budi kumalizika Februari.