Kumbukumbu ya Utotoni na Ushauri Nasaha
Mada iliyotolewa mbele ya wakazi wa kata



Mtu aendaye kwa mshauri nasaha hutarajia kuulizwa shida iliyomleta. Ataulizwa hiyo, lakini huenda akaulizwa pia jambo asilolitazamia: ni tukio gani la kwanza analolikumbuka maishani mwake? Wapo wanaoliona swali hilo kuwa upekuzi. Wengine huhofu kwamba wazazi wao wanatafutiwa makosa. Mada hii inaeleza kazi ya swali hilo na mipaka yake.

Njia hii iliasisiwa na Alfred Adler, daktari wa Vienna, Austria, aliyezaliwa mwaka 1870 na kufariki mwaka 1937. Adler alishikilia kwamba, kati ya mambo chungu nzima yanayompata mtu utotoni, yale machache anayoendelea kuyakumbuka hayabaki kwa bahati. Hubaki kwa kuwa yanaafikiana na jinsi anavyojiona leo, yeye mwenyewe, watu wengine na ulimwengu.

Adler mwenyewe alikuwa na kumbukumbu ya namna hiyo. Alikumbuka kwamba alipoanza shule alikuwa akipita makaburini kwa hofu kuu, ilhali wenzake wakipita bila wasiwasi. Siku moja akaazimia kuikomesha hofu hiyo: akayavuka makaburi mbio, kwenda na kurudi, tena na tena, hadi moyo ukatulia. Miaka mingi baadaye alikutana na mtu aliyesoma naye, akamwuliza habari za makaburi yale. Akajibiwa kwamba njia ile haikuwa na makaburi kamwe. Basi kumbukumbu hiyo haikuwa ushahidi wa mahali, bali picha ya mtu aliyekusudia kuushinda woga wake.

Ndiyo maana mshauri hasikilizi kama hakimu. Huomba tukio moja mahususi, si mazoea ya jumla kama vile "tulikuwa tukienda mtoni". Kisha huuliza: ni sehemu gani ya tukio inayoonekana wazi zaidi? Mtoto yule alijisikiaje wakati huo? Kwa nini? Huandika majibu kwa maneno ya mteja mwenyewe, na hukusanya kumbukumbu kadhaa, kwani moja haitoshi kumweleza mtu.

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya mafunzo. Mama mmoja ameshindwa kulipa marejesho ya kikoba kwa miezi mitatu. Hajamwambia mumewe wala mwenyekiti wa kikundi, na usingizi umempaa. Kumbukumbu yake ya kwanza ni ya siku ya gulio: amepotezana na mama yake, amesimama chini ya mwembe, na hathubutu kumwita mtu. Kinachoonekana wazi zaidi ni miguu ya watu wakipita. Anasema aliogopa kugombezwa kwa kupotea.

Mshauri hamwambii maana ya tukio hilo. Humwuliza tu kama kuna linalofanana nalo leo. Mama ananyamaza kitambo, kisha anajibu: "Bado nimesimama chini ya mwembe." Anapoulizwa tukio lile liliishaje, anakumbuka muuza samaki aliyemshika mkono na kumpeleka kwa mama yake. Hakugombezwa. Deni halikufutika siku ile. Lakini wiki iliyofuata alimwendea mwenyekiti, wakapanga upya marejesho.

Hata hivyo, chombo hiki kinataka mikono yenye uangalifu. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani, Elizabeth Loftus na Jacqueline Pickrell, walichapisha jaribio lililohusu watu 24. Kila mmoja alielezwa kisa cha uongo, kwamba aliwahi kupotea dukani akiwa mtoto. Takriban robo yao walifikia kukiamini kisa hicho, kizima au kwa sehemu. Kwa hiyo mshauri hapaswi kudokeza jibu, wala kumwambia mteja kwamba lazima alitendewa jambo fulani ila amelisahau. Kumbukumbu iliyopatikana kwa kushinikizwa yaweza kuvunja nyumba isiyo na kosa.

Mteja naye ana haki zake. Aweza kukataa swali. Aweza kusema, "Hilo si la leo." Asiyekumbuka chochote hana kasoro. Alisemalo chumbani ni siri, isipokuwa pale uhai au usalama wa mtu umo hatarini.

Mwisho, madhara anayotendewa mtoto sasa hivi hayangojwi yawe kumbukumbu. Ayajuaye na atoe taarifa kwa Afisa Ustawi wa Jamii au serikali ya kijiji au mtaa, au apige simu ya bure namba 116. Na mtu mzima aliyebeba mzigo wa zamani asione haya kuomba msaada. Huenda naye yuko mtu aliye tayari kumshika mkono, asubiriye tu kuitwa.