Umeme wa Ngazi au Umeme wa Bei Moja?

(Haya ni mazungumzo ya Katibu wa Ushirika katika mkutano wa wanachama. Tumeyanakili hapa ukutani kwa ajili ya wale waliokuwa shambani siku ile, na wale waliosikia lakini wanataka kuzipiga hesabu upya wenyewe.)



Mkutano uliopita ulikwisha kwa mabishano. Mzee wetu mmoja alisimama akasema amechoka na umeme wa kupanda ngazi. Mwanzo wa mwezi shilingi elfu kumi inampa uniti nyingi. Wiki ya tatu elfu kumi ile ile inampa uniti kiduchu. Akasema afadhali ahamie kwenye bei moja isiyobadilika, ajue moja. Wengi mlimpigia makofi, na mimi nilipiga. Nilipofika nyumbani nikachukua daftari na kalamu, nikaona makofi yetu yangemtia mzee hasara. Ndiyo maana nimeomba nafasi leo.

Kwanza tuelewane juu ya bei zenyewe. Kwa amri ya EWURA iliyoanza tarehe 1 Aprili 2016, mtumiaji wa nyumbani wa TANESCO anaangukia katika fungu moja kati ya mawili.

Fungu la D1 ndilo la ngazi. Uniti 75 za kwanza katika mwezi ni shilingi 100 kila moja. Ukivuka 75, kila uniti inayozidi ni shilingi 350.

Fungu la T1 ndilo la bei moja. Uniti ya kwanza ni shilingi 292, ya mia ni shilingi 292, na ya mia tano ni hiyo hiyo.

Juu ya bei hizo kuna VAT asilimia 18, mchango wa umeme vijijini asilimia 3, na wa EWURA asilimia 1. Kwa hiyo mfukoni mwako uniti ya 100 inatoka kwa 122, ya 350 inatoka kwa 427, na ya 292 inatoka kwa 356 na senti kidogo. Tena kuna kodi ya jengo, ambayo tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Inakatwa mara moja unaponunua LUKU mwezi unapoanza. Hiyo hailingani na uniti. Utumie sana, utumie kidogo, ni ile ile.

Sasa tumchukulie mzee wetu. Yeye hununua elfu kumi mara mbili kwa mwezi. Elfu kumi ya kwanza, ikishakatwa kodi, inampa karibu uniti 70. Elfu kumi ya pili inamalizia zile chache za bei ya chini, kisha inapanda ngazi. Jumla anapata uniti 27. Hapo ndipo anapokasirika. Lakini hebu jumlisheni: kwa elfu ishirini amepata uniti 97. Angekuwa kwenye bei moja anayoitamani, elfu ishirini ile ile ingempa uniti 52 tu, hazifiki hata hizo. Jamani, anachokimbia ni kidogo, anachokimbilia ndicho kikubwa. Bei isiyobadilika si lazima iwe bei nafuu. Hata mbuzi aliyekonda habadiliki.

Ila sikusema mzee yuko salama. Hatari yake ni nyingine, na hakuiona. Fungu la D1 limewekwa kwa ajili ya nyumba ambayo matumizi yake kwa wastani hayazidi uniti 75 kwa mwezi. Anayezidi mwezi hadi mwezi huhamishiwa T1. Mzee akiendelea kununua uniti 97 kila mwezi, atahamishiwa kwenye bei moja bila hata kuomba. Siku hiyo shilingi 10,650, ambayo kwenye D1 inalipa kodi na kuleta uniti 75 kamili, itamletea uniti 25 na nusu hivi. Ikeni namba hiyo kichwani: 10,650. Ndiyo mwisho wa umeme wa mia kwa mwezi.

Kutokana na hayo nina mambo matatu ya kuwaambia.

La kwanza, namna ya kununua. LUKU inahesabu uniti ulizonunua ndani ya mwezi, haihesabu ulizowasha. Usinunue umeme wa Januari mwezi Desemba kwa sababu umeuza karanga au zabibu na fedha ziko mkononi. Utajaza ngazi ya Desemba na kulipa 427, na Januari bei ya mia itakungoja bure. Nunua kila mwezi sehemu yako, usizidi 75. Kama mwezi huu umetumia 60, zilizobaki hazipotei. Ziko kwenye mita, zitakusaidia mwezi wa wageni.

La pili, tujue kinachokula. Nimepima kwa nyumba ya kawaida. Taa sita za wati 10, saa tano kila usiku, ni uniti 9 kwa mwezi. Televisheni ya wati 60 kwa saa sita kwa siku, uniti 11. Friji dogo likila uniti moja kwa siku, ni 30. Pasi ya wati 1,000 kwa nusu saa, siku moja ndiyo moja siyo, ni uniti 7 na nusu. Jumla hazifiki 58. Nyumba hiyo inaishi vizuri na iko ndani ya ngazi. Sasa kijana wa nyumba analeta hita ya kuchovya kwenye ndoo, wati 1,500, nusu saa kila alfajiri kwa sababu ya baridi yetu ya Juni na Julai. Hiyo peke yake ni uniti 22 na nusu. Tayari mmefika 80. Hita moja ya bei ndogo imeitoa nyumba nzima kwenye umeme wa mia. Maji ya kuoga yakichemshwa jikoni mkaa wa chakula ukiwa bado unawaka, ngazi haivukwi.

La tatu ndilo zito, nalo linawahusu wengi wetu hapa Chimwaga. Tangu Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanza hapa mwaka 2007, wengi tumejenga vyumba vya kupangisha. Mita ni moja, wapangaji wanne, kila mmoja na friji lake au pasi yake. Nyumba kama hiyo ikitumia uniti 100 kwa mwezi na imehamishwa T1, inalipa 35,624. Kama uniti zile zile zingegawanyika kwenye mita mbili za D1, 50 huku na 50 kule, zote mbili zingelipa 12,200. Tofauti ni zaidi ya elfu 23 kila mwezi, na anayeilipa ni mpangaji ambaye hajui hata kwa nini. Ndipo ugomvi unaanza: fulani anawasha usiku kucha, fulani hachangii. Kumbe hakuna mwizi. Mita ndiyo imebeba watu wengi kuliko fungu lake.

Kuongeza mita si bure. Eneo linalohesabiwa kijiji gharama ya kuunganishwa ni 27,000, na eneo la mji ni 320,960 kwa nyumba isiyohitaji nguzo. Hata hiyo kubwa, kwa akiba niliyoitaja, inarudi kwa miezi 14. Angalieni tu kodi ya jengo isikatwe mara mbili kwa nyumba moja. Kodi ni ya jengo, siyo ya mita, na ikitokea hivyo mtu aende ofisini akadai isahihishwe.

Sasa bei moja inamfaa nani? Inamfaa mwenye kazi. Mashine yetu ya kusaga, duka lenye majokofu, fundi wa kuchomelea: hao wapo T1 na ndipo mahali pao, kwa sababu kazi haiwezi kuambiwa iishie uniti 75. Kosa ni kuchanganya. Mama anayeuza barafu kwa mita ya nyumbani anakula umeme wa mia wa watoto wake bila kujua. Jokofu la biashara liwe na mita yake.

Mtu aliuliza kama bei hizi zitakaa milele. Hapana. Mwaka 2014 T1 ilipanda kutoka 221 hadi 306, kisha ikashuka hadi 298 mwaka 2015 na 292 mwaka 2016. Huku kwetu bei hukaa mpaka amri mpya itoke. Wenzetu wa Kenya bili yao ina gharama ya mafuta na ya fedha za kigeni zinazobadilika kila mwezi. Uingereza mwenye nyumba huchagua mwenyewe, bei iliyofungwa kwa mkataba au inayokwenda na soko. Gesi ilipopanda mwaka 2021 na 2022, makampuni mengi ya kuuza umeme yalianguka na watu walioshika mikataba ya bei nafuu wakaikosa. Kwa hiyo kila penye kuchagua, ulinzi wa kwanza ni kujua unatumia kiasi gani.

Ndugu Mwenyekiti, naomba tuazimie hivi. Kila nyumba iwe na daftari, na kila Jumapili jioni isome mita na kuandika, kwa miezi mitatu. Ambaye yuko T1 na daftari linaonyesha hafiki 75, aende ofisi ya TANESCO na namba yake ya mita akaombe D1. Ofisi ina kumbukumbu ya manunuzi yake. Asiyejua kuandika aje kwangu, au amtume mtoto wa shule.

Na wewe mzee wangu uliyesimama mkutano uliopita, nakuomba radhi kwa makofi.

(Baada ya mazungumzo mzee alisimama akasema hita anayo, na ataitundika ukutani. Wanachama wakakubali azimio la daftari. Wenye nyumba za wapangaji watakutana Jumamosi baada ya kusaga.)