Kabla ya Kufuta Jina



Mwaka huu 2026 twahesabu miaka 100 tangu kuwekwa Dayosisi yetu ya Masasi, na miaka 150 tangu Askofu Steere alipowaleta huku watu waliofunguliwa utumwani. Tena twakumbuka vita vya 1914, wamisionari Waingereza walipofungwa, na walimu na makasisi Waafrika wakalilinda kundi peke yao. Habari hiyo imenichoma moyo, nami nitawaambia sababu.

Katika mtaa wangu, majira ya korosho, watu hupungua kanisani. Mwaka jana naliandika orodha ya wavivu, na jina la mjane mmoja mzee nikalitia mbele. Mtoto mmoja akaniambia, "Mwalimu, bibi hawezi kutembea." Nikaenda. Nalimkuta ameketi mlangoni, kitabu cha sala magotini. Akasema, "Nalikungoja, mwanangu, tangu Kwaresima." Sikuwa na jibu.

Sasa vijana wanne wa darasa la Kipaimara huenda kwake kila Jumapili kumsomea Injili, na padre humpelekea Komunyo. Orodha ile naliitia motoni.

Walimu wenzangu, kabla ya kufuta jina la mtu, kapigeni hodi kwake. Wazee wetu walilishika kundi katika siku za taabu. Sisi tusilipoteze katika siku za amani. Mungu atusaidie. Amina.