Usiache Ngano Kabla ya Kupima: Maisha na Ugonjwa wa Siliaki

(Mazungumzo yaliyotolewa na Ofisa Habari wa Halmashauri katika Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, mbele ya viongozi, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na wazazi. Yamechapishwa hapa kwa maombi ya waliohudhuria.)



Mmezoea kuniona nikiwa na kamera na daftari, nikiandika habari za wengine. Leo Ofisa Lishe ameniomba nieleze habari zangu mwenyewe. Nilisita, kwani habari za tumbo si za kusimulia hadharani. Lakini wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Nimeona afadhali niyafichue mwenyewe mapema, huenda yupo hapa mtu anayeumwa nilivyoumwa.

Kwa miaka mitatu nilikuwa nikiugua mjini na kupona kijijini. Nikiwa kazini, tumbo lilijaa gesi, nikaharisha mara kwa mara, mwili ukakonda, na uchovu ulinishinda hata kupanda ngazi za ofisi. Nikienda likizo kwa mama, baada ya wiki mbili tatu nilianza kupata nafuu. Nikirudi kazini, hali ilirudi vilevile. Bibi yangu alihitimisha kwamba ofisini kuna mtu asiyenitakia mema. Shangazi akashauri niombe uhamisho. Nami, nikiwa mtu mwenye stashahada, nilicheka mchana, lakini usiku niliwaza.

Nilikwenda kutibiwa. Nilipewa dawa za minyoo, baadaye dawa za amiba, kisha tena dawa za minyoo. Damu ilipopimwa ilikuwa pungufu, nikapewa vidonge vya madini chuma. Nilivimeza kwa miezi, damu haikupanda. Simlaumu aliyenihudumia. Katika mazingira yetu, mtu anayeharisha na kukonda hutafutwa kwanza minyoo, amiba, kichocho, kifua kikuu na VVU, na ndivyo inavyopaswa kuwa, maana hayo ndiyo yaliyo mengi. Kosa, kama lipo, ni kwamba majibu yalipokuwa safi hakuna aliyeuliza swali linalofuata, na mimi mwenyewe sikuuliza.

Swali hilo liliulizwa na tabibu mmoja kijana niliyekutana naye kwenye kampeni ya chanjo. Alisema, “Dada, mjini unakula nini ambacho kwa mama huli?” Jibu lilikuwa rahisi mno. Mjini asubuhi ni chai na chapati, saa nne ni andazi, jioni nikichoka kupika ni mkate au tambi. Kwa mama ni ugali wa uwele au wa mtama kwa mlenda, viazi vitamu, maziwa na kuku wa kienyeji. Ngano haiingii katika nyumba ile ila siku ya sikukuu. Wala hakukuwa na mchawi ofisini.

Ugonjwa wenyewe unaitwa siliaki. Ndani ya ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai mna protini inayoitwa gluteni. Ndiyo inayofanya unga wa chapati uvutike. Kwa watu wengi haina madhara. Kwa mwenye siliaki, kinga ya mwili huichukulia kama adui, na katika kupambana nayo huuharibu utumbo mwembamba wenyewe. Utumbo huo kwa ndani una vinyweleo vidogo sana vinavyofyonza chakula. Vinyweleo hivyo hulala na kusagika. Ndiyo maana vidonge vyangu vya madini chuma havikufua dafu: mlango wa kupokelea ulikuwa umeharibika. Baadhi ya wagonjwa hawaharishi kabisa. Wao huonekana kwa upungufu wa damu usioisha, mifupa kuwa dhaifu, malengelenge yanayowasha kwenye viwiko na magoti, au mtoto asiyeongezeka uzito kwenye kadi ya kliniki.

Wapo wanaosema huu ni ugonjwa wa Wazungu. Duniani hukadiriwa kumpata mtu 1 hivi kati ya 100. Lakini mojawapo ya viwango vya juu kuliko vyote vilivyowahi kuripotiwa vilipatikana Afrika, kwa watoto wa Wasahrawi wa Sahara Magharibi, ambako mwaka 1999 watafiti walieleza kuwapata zaidi ya 5 katika kila 100. Kwetu sisi tunaokula zaidi mahindi, mtama, uwele na mchele, ugonjwa hukosa nafasi ya kujionyesha. Lakini tunavyohamia kwenye mikate, maandazi na biskuti, nafasi hiyo inapanuka.

Historia yake inafanana na yangu kwa namna iliyonishangaza. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, alikuwa ameanza kuishuku ngano kabla ya Vita Kuu ya Pili. Majira ya baridi ya mwaka 1944 kuamkia 1945 nchi yake ikakumbwa na njaa kali, mkate ukaadimika. Watoto wenye siliaki, badala ya kudhoofika zaidi, walipata nafuu. Mkate uliporudi, nao waliugua tena. Waholanzi wale walijifunza kwa njaa jambo ambalo mimi nilijifunza kwa nauli ya kwenda kwa mama.

Sasa naomba mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipokosea. Nilipoambiwa habari ya ngano, niliiacha siku ileile. Baada ya miezi miwili nilikuwa na nguvu, uzito ukaanza kurudi. Nikaenda hospitali kubwa nikiwa na furaha, nikitaka tu waniandikie cheti. Daktari aliniambia kwa upole: “Umekuja umechelewa, au umeacha mapema.” Vipimo vya siliaki hutafuta alama ambazo mwili huziacha wakati gluteni inaliwa. Ukiiacha, alama hufifia, na majibu yanaweza kuonyesha huna ugonjwa ilhali unao. Mwongozo unaotumika Uingereza, kwa mfano, humtaka anayepimwa awe amekula vyakula vyenye gluteni katika zaidi ya mlo mmoja kila siku kwa muda usiopungua wiki 6. Nilitakiwa nijiuguze upya.

Nililipima jambo hilo kwa siku nyingi. Njia ya kwanza ilikuwa kuendelea kuacha ngano bila kupima: haina gharama, na nilikuwa nimeshapona. Lakini maisha yote ningeishi kwa kudhani, na kila nitakapoumwa ningesema ni ngano, hata kama ni jambo jingine la hatari. Njia ya pili ilikuwa kipimo cha damu peke yake, kinachotafuta kingamwili za ugonjwa huu. Ni chepesi, lakini kwa mtu mzima kwa kawaida huhitaji kuthibitishwa, na wapo watu wachache ambao miili yao haitengenezi aina ile ya kingamwili, hivyo hilo nalo hupimwa. Kwa watoto, kiwango kikiwa juu sana, madaktari bingwa wakati mwingine huthibitisha kwa damu tupu iliyopimwa mara mbili.

Njia ya tatu ilikuwa damu pamoja na endoskopi: mpira mwembamba wenye kamera hupitishwa mdomoni hadi mwanzo wa utumbo, na vipande vidogo vya nyama huchukuliwa na kutazamwa kwa hadubini. Huduma hiyo ya endoskopi haipo katika zahanati yetu. Hufuata ngazi za rufaa, kutoka zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, ya mkoa, hadi hospitali kubwa zaidi, kama Benjamin Mkapa ya Dodoma au Muhimbili ya Dar es Salaam. Hapo kuna nauli, malazi, siku za kazi, na swali la kiasi gani bima yako italipia, ambalo ni vema uliulize kabla ya kupanda basi.

Na hapa kwetu kuna sababu ya pekee ya kutotegemea kipande cha utumbo peke yake. Jirani zetu wa Hospitali ya Haydom, wilayani Mbulu, walishiriki katika utafiti wa nchi nane ulioitwa MAL-ED, uliofuatilia watoto kuhusu lishe na maambukizi ya tumbo. Tafiti za aina hiyo zimetufundisha kwamba maambukizi ya mara kwa mara, yatokanayo na maji na mazingira machafu, nayo huweza kuharibu vinyweleo vya utumbo bila kuwapo siliaki. Kwa hiyo damu na utumbo husomwa pamoja, na choo bora na maji safi hubaki kuwa kinga ya matumbo yetu sote.

Nilichagua njia ya tatu. Kilichoniamulia ni binti yangu. Ugonjwa huu hufuata damu: ndugu wa karibu wa mgonjwa, yaani mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja, wana uwezekano wa karibu 1 katika 10. Nilitaka kumwachia jibu, nisimwachie dhana. Nikala chapati kwa wiki 6 kama mtu anayemeza dawa chungu. Niliumwa, nikaomba ruhusa kazini, mama akaja kunisaidia kulea. Majibu yalipotoka, damu na utumbo vilisema neno moja. Binti yangu naye amepimwa. Kwa sasa hana, ila ataendelea kuangaliwa.

Matibabu? Hakuna kidonge cha kuponya siliaki. Dawa ni kuacha gluteni kabisa, maisha yote, pamoja na kuongezewa madini na vitamini zilizopungua na kurudi kupimwa damu kuona kama kingamwili zinashuka. Nafuu huanza kwa wiki kadhaa. Utumbo wa mtu mzima huweza kuhitaji zaidi ya mwaka kupona.

Nchi nyingine wagonjwa hununua unga maalumu kwa bei kubwa. Sisi wa Singida dawa yetu iko ghalani. Uwele, mtama, ulezi, mahindi, mchele, muhogo, viazi, kunde, karanga, mayai, nyama na mafuta yetu ya alizeti havina gluteni. Vitumbua vya mchele mtupu ni salama. Hatari imejificha kwingine: unga wa lishe uliochanganywa na ngano, mashine iliyosaga ngano kabla ya mtama wako, mafuta yaliyokaangiwa maandazi, mchuzi uliofanywa mzito kwa unga wa ngano, na bia ya shayiri. Mimi sasa husaga mwenyewe nafaka zangu baada ya mtu wa mahindi, na mwenye mashine amezoea kuniuliza, “Leo tena wa kwanza?” Mkatoliki mwenye ugonjwa huu azungumze na paroko wake, kwani Kanisa huruhusu kupokea kwa divai pekee. Harusini hubeba chakula changu kwenye hotipoti. Mwanzo walinicheka, sasa wenyeji hunitengea sahani.

Ndugu zangu, naomba nihitimishe. Anayeharisha kwa wiki nyingi, au damu yake haipandi kwa vidonge, au mtoto wake hakui, aanzie zahanati na apime kwanza yale yaliyo mengi. Majibu yakiwa safi na hali ikaendelea, aulize kwa heshima: “Daktari, je, yaweza kuwa chakula ninachokula?” Wahudumu wa afya, swali hilo liandikeni katika madaftari yenu. Na yeyote anayeishuku ngano, asiiache kabla ya kuzungumza na mtaalamu kuhusu vipimo. Mimi niliiacha mapema, nikalipa kwa wiki 6 za maumivu. Ningependa niwe wa mwisho katika wilaya hii kulipa bei hiyo.