Njia Iliyoota Nyasi

 

Leo tumkumbuke mchezaji mmoja wa kandanda wa Brazili, Manuel Francisco dos Santos. Alizaliwa mwaka wa 1933 huko Pau Grande, mji mdogo wa kiwanda cha nguo karibu na Rio de Janeiro. Miguu yake yote miwili ilipinda kuelekea upande mmoja, na mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwenzake. Nyumbani walimwita kwa jina la ndege mdogo: Garrincha.

Ni nani kati yetu angemchagua mtoto huyo acheze winga? Lakini tangu mwaka wa 1953 alikuwa winga wa kulia wa Botafogo. Beki alijua kabisa kwamba Garrincha atapita kulia, naye alipita kulia kweli, beki akabaki ameanguka. Mwaka wa 1958 alitwaa Kombe la Dunia pamoja na wenzake kule Uswidi. Mwaka wa 1962, Pelé alipoumia, Garrincha alifunga mabao mawili dhidi ya Uingereza na mawili dhidi ya Chile, na Brazili ikalitwaa tena. Wabrazili walimwita Furaha ya Watu.

Lakini yeye mwenyewe alikuwa mtumwa wa pombe. Magoti yakamchakaa. Mwaka wa 1969 gari alilokuwa akiendesha lilipata ajali, na mama mkwe wake akafa. Desemba 1973 watu zaidi ya 100,000 walijaa uwanja wa Maracanã kumwaga. Walipiga makofi, kisha wakaenda makwao. Tarehe 20 Januari 1983 akafa kwa sababu ya ulevi, umri wake miaka 49. Mwili wake ukapelekwa Maracanã, na watu wakaja tena kwa maelfu, wakilia.

Ndugu zetu, hatusemi kwamba mashabiki ndio waliomwua. Glasi aliishika mwenyewe, na wako waliojaribu kumsaidia. Lakini tujiulize sisi. Njia ya kwenda uwanjani twaijua. Njia ya kwenda matangani twaijua pia. Ile ya katikati, ya kwenda mlangoni kwa mtu siku ya Jumanne ambapo hakuna mchezo wala kilio, imeota nyasi.

Huenda kijijini kwetu yuko mmoja: aliyekuwa mchezaji hodari, au mwalimu, au kiongozi wa kwaya. Sasa watoto wanamcheka njiani, nasi tunapita kando tukienda ibadani. Akifa, tutachanga upesi. Mbona hatukuchanga alipohitaji matibabu? Sisi tunaosema nanyi tumo katika kosa hilo hilo.

Basi juma hili twende kwake, asubuhi, kabla hajaanza kunywa. Tusiende na hotuba. Tusimpe pesa mkononi. Tuchukue uji, tuketi, tumwite kwa jina lake. Akisema anataka kuacha, tumsindikize hospitali, na juma lijalo tuende tena, hata kama ameanguka.

Na wewe unayetusikiliza, ukijua kwamba ni wewe tunayekusema, usiufunge mlango tutakapobisha.

Mungu atusaidie kupendana tungali hai. Kwaherini.